Aljebra ndani ya dakika 40: yapi tuwaachie wanafunzi wayagundue, na yapi tuwaambie moja kwa moja

MwalimuMoshi (mwanzisha uzi)

Walimu wenzangu, pamoja na wazazi mnaofuatilia maendeleo ya watoto wenu katika Hisabati, naomba tulijadili kwa utulivu jambo ambalo kila mwalimu wa kidato cha kwanza na cha pili hukutana nalo, awe anafundisha hapa Moshi mjini, Rombo au Arusha. Tangu mtaala wa sekondari uhamie kwenye ujenzi wa umahiri mwaka 2005, tumekuwa tukielekezwa kwamba mwanafunzi awe kiini cha somo, achunguze, ajadili na agundue mwenyewe. Wakati huohuo kipindi ni cha dakika 40, azimio la kazi limejaa mada zinazosubiri, na mwisho wa kidato cha pili mtoto anaketi kufanya Upimaji wa Kitaifa ambao haumuulizi mwalimu wake alitumia mbinu gani. Wengi wetu tumejikuta tumeegemea upande mmoja: ama tunaandika kanuni ubaoni, tunatoa mifano mitatu na zoezi, basi; ama tunapanga vikundi kila siku na inafika Septemba milinganyo ya kipeo cha pili haijaguswa.

Hoja yangu ni kwamba muda haututoshi kwa sababu tunaugawa sawasawa, kana kwamba kila kipengele cha aljebra kinastahili kugunduliwa, au kana kwamba hakuna hata kimoja kinachostahili. Mtaalamu wa ufundishaji wa Hisabati kutoka Uingereza, Dave Hewitt, alionyesha mwaka 1999 tofauti ambayo naiona kuwa ndiyo ufunguo wa suala hili. Katika Hisabati kuna mambo ambayo watu waliyakubaliana tu, na yangeweza kuwa vingine. Na kuna mambo ambayo hayana budi kuwa yalivyo, ambayo mtu mwenye akili timamu anaweza kuyafikia kwa kufikiri hata kama hakuna aliyemwambia.

Kwamba tunaandika 3x na si x3, kwamba alama ya kuzidisha inaachwa kati ya namba na herufi, kwamba kuzidisha kunatangulia kujumlisha pasipo na mabano, hayo ni makubaliano. Hakuna mtoto atakayeyagundua kwa kukaa kwenye kikundi dakika ishirini, kwa sababu hakuna sababu ya ndani inayomwongoza kuyafikia. Atabahatisha, na akipatia atakuwa amepatia kwa bahati. Mambo haya mwalimu ayaseme waziwazi, ayaandike, ayafanyie zoezi fupi na asonge mbele. Lakini kwamba 2(x + 3) ni sawa na 2x + 6 na si 2x + 3, hilo lina sababu yake ndani. Kwamba ukizidisha pande zote mbili kwa namba hasi alama ya "ndogo kuliko" inageuka kuwa "kubwa kuliko", hilo nalo lina sababu. Hapo ndipo dakika za ugunduzi zinapolipa, kwa kuwa mtoto aliyeiona sababu hahitaji kukumbushwa kila muhula.

Ukipitia mada za aljebra za kidato cha kwanza na cha pili kwa jicho hilo, utaona kwamba mambo yanayostahili ugunduzi wa kweli si mengi. Mimi naona matano: kufungua mabano, kuondoa herufi moja katika milinganyo miwili inayokwenda pamoja, kugeuka kwa alama ya kutolingana, kutafuta vigawo, na kukamilisha mraba. Mengine yote yafundishwe moja kwa moja, kwa uwazi na kwa mazoezi ya kutosha, bila mwalimu kujiona kwamba amesaliti mtaala.

Niseme kidogo kuhusu milinganyo miwili, kwa sababu hapo ndipo nimeona wanafunzi wakifikiri vizuri kuliko mahali pengine popote. Sianzi na njia. Ninaandika ubaoni kwamba mama mmoja amenunua maparachichi mawili na maembe matatu Soko la Mbuyuni kwa shilingi 2,900, na jirani yake, kwa bei zilezile, amenunua maparachichi mawili na maembe matano kwa shilingi 3,900. Kila dawati litafute bei ya embe moja na ya parachichi moja kwa njia yoyote. Hakuna darasa lisiloona kwamba tofauti ya shilingi 1,000 imeletwa na maembe mawili, hivyo embe ni shilingi 500 na parachichi ni shilingi 700. Wamekwisha kutoa mlinganyo mmoja kutoka kwa mwingine kabla hawajajua kwamba jambo hilo lina jina. Kisha ninawapa la pili: maparachichi matatu na maembe mawili kwa shilingi 3,100, maparachichi mawili na maembe matatu kwa shilingi 2,900. Sasa kutoa pekee hakutoshi, na hapo wanahangaika kidogo, jambo ambalo nalitaka.

Msichana mmoja, badala ya kutoa, alijumlisha. Akapata matunda matano ya kila aina kwa shilingi 6,000, hivyo parachichi moja na embe moja ni shilingi 1,200 kwa pamoja. Kisha akatoa na kuona kwamba parachichi linazidi embe kwa shilingi 200. Bei zikajitokeza zenyewe. Njia hiyo sikuwa nimeiandika kwenye andalio la somo, na ni fupi kuliko ile ya kitabuni. Alipomaliza kuieleza ubaoni, nilichukua chaki na kuonyesha njia ya jumla: zidisha mlinganyo mmoja au yote miwili ili idadi ya herufi moja ilingane, kisha utoe. Kazi yote ya kutafuta ilikula kama robo saa. Muda uliobaki ulikuwa wa maelezo yangu na zoezi. Nasisitiza hilo la maelezo yangu, kwa sababu ugunduzi usiofungwa na mwalimu huwaacha nusu ya wanafunzi na wazo lisilokamilika, na nusu nyingine wakiwa wamenakili la jirani.

Naomba maoni yenu, hasa walimu wenye madarasa makubwa.

HesabuArusha

Mwalimu mwenzangu, heshima kwako, uzi huu umekuja wakati wake. Nakubaliana na sehemu kubwa ya maelezo yako, lakini niruhusu niweke pingamizi mbili kutoka upande wetu huku Arusha.

Kwanza, darasa langu lina wanafunzi wapatao 70. Kila dawati likitafuta njia yake, sina namna ya kufika kwa wote, na wale wa nyuma hutumia dakika hizo kupumzika. Pili, na hili ndilo zito zaidi, mwanafunzi anafaulu kwa mazoezi. Kwa miaka mingi ufaulu wa Hisabati katika mtihani wa kidato cha nne umekuwa ukizunguka karibu na asilimia 20, na ninapowatazama wanaoshindwa, naona watoto ambao hawajafanya maswali ya kutosha, si watoto waliokosa kugundua. Wapo pia wataalamu wanaotuunga mkono: Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark waliandika mwaka 2006 kwamba anayeanza kujifunza, akiachwa atafute bila mwongozo, hulemewa, kwa kuwa akili inayofanya kazi kwa wakati mmoja ina nafasi ndogo, na nafasi hiyo ikishajazwa na kuhangaika hakuna kinachobaki kwa ajili ya kujifunza. Mtoto wa kidato cha kwanza aliyetoka shule ya msingi kwa Kiswahili na sasa anasoma Hisabati kwa Kiingereza amekwisha kulemewa kabla hujampa hilo la kugundua.

MwalimuMoshi

Nashukuru sana, mwalimu. Pingamizi zako ni za mtu aliyesimama ubaoni, na ninazichukulia kwa uzito huo.

Hao wataalamu uliowataja hawapingani na ninachosema. Wanapinga kumwachia mwanafunzi bila mwongozo, nami sipendekezi hivyo. Mwaka 2011 Louis Alfieri na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti nyingi na kuona kwamba ugunduzi usio na msaada hushindwa na ufundishaji wa moja kwa moja, ilhali ugunduzi wenye msaada wa mwalimu hufanya vizuri. Swali la maparachichi lina mwongozo ndani yake: namba zimechaguliwa kwa makusudi ili idadi ya maparachichi ilingane katika swali la kwanza. Mwanafunzi anafikiri kuwa anatafuta peke yake, lakini njia imekwisha kusafishwa. Kazi kubwa ya mwalimu iko katika kuchagua namba hizo jioni iliyotangulia, na ndiyo sababu nasema mambo ya namna hii yawe machache, kwa kuwa hakuna anayeweza kuandaa swali la aina hiyo kwa kila kipindi cha wiki.

Kuhusu lugha, hapo umegusa kidonda. Mimi huwaacha wajadiliane kwa Kiswahili pale kwenye dawati, au hata kwa Kichagga ikibidi, kisha ninapofunga somo tunaandika pamoja sentensi za Kiingereza ambazo watazikuta kwenye mtihani. Mtoto hawezi kufikiri jambo jipya kwa lugha ambayo bado anaitafutia maneno. Dakika tano za kuandika sentensi hizo kwa pamoja ni sehemu ya somo na zinapaswa kuonekana kwenye andalio.

Kuhusu wanafunzi 70, vikundi vya watu wanane vinakushinda kwa sababu wawili wanafanya kazi na sita wanatazama. Tumia waliokaa dawati moja, wawili au watatu, waandike nyuma ya daftari. Wakati wanafanya, usijaribu kufika kwa kila mmoja. Pita mstari mmoja au miwili ukitafuta njia tatu tu zinazotofautiana: moja ya kubahatisha bei hadi zikubali, moja iliyofika nusu, na moja iliyokamilika. Waite wenye njia hizo ubaoni kwa mpangilio huo. Aliyebahatisha akitangulia, darasa zima linaelewa anachosema, na wa tatu akifika, kila mtu anaona njia yake imeokoa kazi kiasi gani. Ukianza na aliyekamilisha, wengine wote wananakili na mjadala umeishia hapo.

La mazoezi sibishani nawe hata kidogo. Yasipofanyika, ugunduzi wote unayeyuka kabla ya mwisho wa mwezi.

HesabuArusha

Basi tunakaribiana. Lakini shule yangu ni ya kutwa. Mtoto anafika nyumbani jioni, anachota maji, anasaidia dukani, na taa ya kusomea si ya uhakika. Zoezi likitoka darasani limepotea. Ukiniomba robo saa ya kutafuta, unaichukua kwenye zoezi moja kwa moja.

MwalimuMoshi

Hapo ndipo shule ya bweni na ya kutwa zinapotofautiana, na nadhani ratiba ya somo nayo itofautiane. Bweni lina saa za kujisomea usiku, hivyo mazoezi mengi yanaweza kwenda huko na ugunduzi ukabaki darasani. Kwa shule ya kutwa, geuza: zoezi libaki darasani mbele ya macho yako, na swali la kutafuta liende nyumbani, kwa kuwa swali zuri la kutafuta halihitaji kitabu wala taa. Dakika mbili za mwisho za kipindi, uliza: "Namba mbili zikijumlishwa zinatoa 10, zikizidishwa zinatoa 21, ni zipi? Na zikijumlishwa zitoe 10, zikizidishwa zitoe 24? Je, mnaweza kupata mbili ambazo jumla yake ni 10 na zao lake ni 30?" Mtoto anaweza kulibeba kichwani akitembea kutoka shuleni hadi nyumbani. Kesho yake, dakika tano za kwanza, watakuambia 3 na 7, 4 na 6, na watabishana juu ya ile ya tatu, kwa sababu kila wanapojaribu wanaona zao halivuki 25. Hapo una mlango wa kutafuta vigawo vya x² + 10x + 21, na una pia mlango wa kueleza kwa nini x² + 10x + 30 inakataa, na umetumia dakika saba za ratiba.

Mwanafunzi_Ualimu

Shikamoo walimu wangu. Niko kwenye mazoezi ya kufundisha hapa Moshi, na nimefaidika mno na uzi huu. Mkufunzi wangu atakuja kunikagua na najua anataka kuona kazi za vikundi. Mada yangu ni kutunga milinganyo kutokana na maelezo. Mwalimu, swali lile la matunda nimelitumia, lakini wanafunzi wangu wanasema kwamba 2p ni maparachichi mawili. Je, niwaache hivyo kwa kuwa majibu yanatoka sahihi?

MwalimuMoshi

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kulisikia hilo, kwa sababu wengi hulipita.

Usiwaache. Herufi p ni bei ya parachichi moja kwa shilingi. Ni namba, si tunda. Leo majibu yatatoka sahihi, lakini kosa linasubiri mbele. Huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, John Clement na wenzake waliwapa wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu kazi hii: chuo kina wanafunzi sita kwa kila profesa mmoja, andika mlinganyo ukitumia S kwa idadi ya wanafunzi na P kwa idadi ya maprofesa. Zaidi ya theluthi walikosa, na kosa lililotawala lilikuwa 6S = P. Walikuwa wakisoma herufi kama kifupi cha jina la kitu. Ikiwa wahandisi watarajiwa waliteleza hapo, watoto wetu wa kidato cha kwanza wanahitaji msaada mapema.

Wape kazi ya hapohapo darasani: kila dawati moja lina wanafunzi watatu; w ni idadi ya wanafunzi, d ni idadi ya madawati. Waandike mlinganyo. Wengi wataandika 3w = d. Usiwaambie wamekosea. Waambie waweke namba: madawati yakiwa 10, wanafunzi ni wangapi? 30. Sasa weka 30 mahali pa w. Tatu mara 30 ni 90, na mlinganyo wao unadai madawati ni 90. Kelele utakayoisikia hapo ndiyo kazi ya vikundi anayoitaka mkufunzi wako, hata kama hakuna meza iliyosogezwa. Hili ni jambo la dakika nane, na tabia ya kujaribu mlinganyo kwa namba kabla ya kuuamini itamfaa mtoto hadi kidato cha sita. Mbinu hiyohiyo inafanya kazi kwa alama za kutolingana: wape −2x < 6, wajaribu x ikiwa 0 kisha ikiwa −5, nao wataona wenyewe ni upande gani wa −3 unaokubali.

HesabuArusha

Mwalimu, hukueleza kukamilisha mraba, na hapo ndipo mimi hukata tamaa na kuandika kanuni moja kwa moja.

MwalimuMoshi

Kwa hiyo mada tumrudie mwanahisabati wa kale al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad yapata mwaka 820. Swali lake lilikuwa hili tunaloliandika leo x² + 10x = 39, na alilitatua kwa mchoro. Kata karatasi za manila au boksi: mraba mmoja wenye upande x, na mistatili miwili yenye urefu x na upana 5. Waambie wapange ili wapate mraba mkubwa kadiri inavyowezekana. Wataweka mstatili mmoja ubavuni na mwingine chini, kisha wataona kona iko wazi. Uliza tu kona hiyo ina eneo gani. Ni 5 mara 5, yaani 25. Vipande vyote vilikuwa na eneo la 39. Ukiongeza 25 unapata 64. Upande wa mraba mkubwa ni 8. Hivyo x ni 3. Kuanzia siku hiyo, "chukua nusu ya 10 kisha uizidishe kwa yenyewe" haitakuwa tena amri isiyo na maelezo, maana wameiona ile nusu ikigawanywa kwenda pande mbili za mraba.

Lakini mchoro una mipaka, na mwalimu aiseme. Jibu la pili, −13, haliwezi kuonekana kwenye karatasi kwa kuwa hakuna upande wenye urefu hasi. Lieleze wewe mwenyewe kwa kuonyesha kwamba −8 ikizidishwa kwa yenyewe nayo inatoa 64. Na kanuni ya jumla yenye a, b na c usiwaachie waitafute. Itoe ubaoni hatua kwa hatua ukirejea kona ile, kisha wape maswali. Tumia vipindi viwili vya mfululizo, ili dakika 80 zisikatwe na kengele katikati.

Mwanafunzi_Ualimu

Swali la mwisho mwalimu, samahani kwa kukusumbua. Dakika kumi zikiisha na hakuna aliyepata?

MwalimuMoshi

Hunisumbui. Manu Kapur, aliyefanya utafiti wake Singapore, ameonyesha tangu mwaka 2008 kwamba wanafunzi waliojaribu swali gumu wakashindwa, kisha wakafundishwa vizuri, mara nyingi huelewa kwa undani kuliko waliofundishwa tangu mwanzo. Sharti ni hilo la kufundishwa vizuri baadaye. Kwa hiyo muda ulioupanga ukiisha, usiongeze hata dakika moja. Chukua jaribio moja au mawili kutoka kwenye madaftari yao, yaandike ubaoni bila kumtaja mwenyewe, onyesha yalikofika na kilichokosekana, kisha fundisha njia nzima kwa sauti ya kusikika hadi nyuma. Kama muda umebana, punguza maswali ya zoezi kutoka kumi hadi sita, lakini maelezo yako usiyapunguze.